Kasi na Chaji: Kisa cha Mshika Mawili

Sogeeni, wajukuu zangu, niwape kisa cha kompyuta iliyotaka kushika mawili.

Novemba 2002, kule Marekani, Microsoft ilizindua kompyuta za aina mpya zilizoitwa Tablet PC. Mojawapo ilikuwa TC1000 ya HP Compaq: ina kioo cha inchi 10.4 unachokiandikia kwa kalamu, na kibodi yake ukiichomoa unabaki na kishikwambi mkononi. Ilipewa prosesa ya Crusoe, ya kampuni ya Transmeta, iliyobuniwa makusudi isile umeme mwingi. Lakini Crusoe haikuzielewa moja kwa moja amri zilizoandikiwa prosesa za Intel. Ilibidi programu maalumu izitafsiri kwanza, ndipo izitekeleze. Walioijaribu wakanung'unika: mbona nzito hivi? Mwaka uliofuata ikaja TC1100, ikahamia prosesa za Intel.

Basi nanyi mkiletewa kifaa cha namna hiyo leo, mtakipimaje?

Anzeni na chaji. Uwezo wa betri huhesabiwa kwa wati-saa. Fikirini pipa: wati-saa ni maji yaliyomo, wati ni kasi ya bomba linaloyatoa. Surface Pro ya kwanza, kompyuta ya Microsoft ya mwaka 2013, ilikuwa na betri ya wati-saa 42. Ikivuta wati 7, gawanyeni: saa 6. Ikivuta wati 14, saa 3 tu, na betri ni ileile.

Jazeni chaji hadi asilimia 100. Mwangaza wa skrini uwe uleule kila mnapopima, maana skrini ni mlafi. Chezesheni filamu mpaka kifaa kijizime, mwandike muda. Ila msiishie hapo. Prosesa za siku hizi zina sehemu maalumu ya kuchezesha video, nayo hula umeme kidogo. Pimeni tena mkiandika, mkiperuzi intaneti na mkicheza gemu, mtaona saa zinavyopukutika.

Sasa kasi. Kikiwa kwenye chaja, kipeni kazi nzito, kwa mfano kubana faili kubwa la video, na mrudie mfululizo bila kukipumzisha. Wekeni kiganja mgongoni mwake: mtasikia joto likipanda. Kifaa ni chembamba, na vingi havina feni, kwa hiyo joto halipati pa kutokea upesi. Prosesa ikiona inachemka, hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Ndiyo maana raundi ya kwanza inaweza kung'ara na ya tano ikachechemea. Anayepima mara moja tu huondoka na jibu tamu lisilo la kweli.

Halafu chomoeni chaja, mpime upya. Vifaa vingi vikibaki na betri peke yake hupunguza kasi ili chaji ikae. Kwa hiyo andikeni majibu mawili kwenye mstari mmoja: kazi ilichukua dakika ngapi, na ilikula asilimia ngapi ya chaji. Msishangae mkikuta kifaa chepesi kimemaliza mapema, kikatulia, na kimekula chaji kidogo kuliko kile kilichojikongoja.

Na muuzaji akiwaambia, "Hii inakaa na chaji saa kumi," msibishane naye. Muulizeni kwa adabu: "Saa kumi hizo, ilikuwa ikifanya kazi gani?"