Fahamu: Nauli ya Kazi Haimo katika Mshahara

Mtu aliyeajiriwa Kasongo, akatumwa Kabambare kwa pikipiki, naye akalipia mafuta na malazi kwa fedha ya mfukoni mwake, aghalabu huambiwa kwamba gharama hizo zimo ndani ya mshahara. Kauli hiyo, ijapokuwa imezoeleka mno, haiafikiani na Sheria ya Kazi ya Kongo, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ambayo kifungu chake cha 7 kimezitenga gharama za safari na posho ya usafiri zisihesabiwe kuwa ujira.

Mwenye kudai huanza kwa mkaguzi wa kazi, apate kuwasuluhisha yeye na mwajiri, ndipo aende mahakamani. Wala asikawie, maana dai la mshahara hufa baada ya mwaka 1, na la gharama za safari baada ya miaka 2 tangu mkataba kwisha. (Watumishi wa kudumu wa serikali wana sheria yao mbali.)

Taabu kubwa ni ushahidi, kwa kuwa muuza mafuta ya chupa kando ya njia hatoi stakabadhi. Basi andika mwenyewe kiasi, tarehe na mahali, umwombe muuzaji atie sahihi.