Kiti Kilichonipa Heshima Kilinipa na Maradhi

Mgeni akibisha hodi katika nyumba zetu za pwani, akishaitikiwa tu husogezewa kiti. Mkubwa wa mkutano tunamwita mwenyekiti. Kijana akimwona mzee amesimama penye watu, huinuka akampisha. Nani basi asiyejua kwamba kwetu kuketi ni heshima, na anayesimama ndiye anayetumwa? Mimi nimelelewa katika mila hiyo, nami naipenda. Lakini ilinibidi niugue ndipo nitambue kwamba tumeishika nusu yake tu.

Mwaka 1978, nilipomaliza shule na kukosa kazi ya ofisini, niliajiriwa kuwa utingo katika basi la Mombasa na Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba utingo hakuwa na mahali pa kuketi. Kila kituo nilishuka, nikakwea ngazi ya nyuma hadi kwenye keria, nikapakia magunia ya makaa, vikapu vya maembe na matenga ya kuku, kisha nikadandia mlangoni basi likiwa limekwisha kuondoka. Jioni nilikuwa hoi.

Dereva wetu, ambaye sote tulimwita Ami, hakushuka. Siku hizo daraja la Kilifi lilikuwa bado, maana lilifunguliwa mwaka 1991, na foleni ya kivuko ilikuwa ndefu. Abiria walishuka wakanyoosha miguu. Ami alibaki nyuma ya usukani, nami nikamletea mahamri na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne. Nilimwonea wivu kwelikweli.

Mwaka 1983 nami nilikikalia kiti cha dereva. Mama alichinja jogoo. "Alhamdulillahi," akasema, "mwanangu naye ameketi."

Miaka kumi na moja baadaye Ami, aliyekuwa amestaafu, alipata kidonda cha kidole cha mguu. Alidhani kiatu kimembana. Kumbe kisukari kilikuwa kimemwingia siku nyingi bila ya yeye kujua, na mguu ulikuwa umekufa ganzi. Akakatwa chini ya goti. Nilipokwenda kumjulia hali alinionyesha pale mguu ulipokuwa, akacheka kidogo. "Mwanangu," akaniambia, "mguu huu umekanyaga mafuta miaka thelathini. Umefika Malindi mara zisizo na hesabu, wala haukutembea."

Nilicheka naye. Kesho yake nikarudi kwenye kiti changu.

LONDON

Zamu yangu ilifika mwaka 2014. Nilikuwa na kiu isiyokatika, usiku naamka mara nne kwenda haja ndogo, na macho yakaanza kuona ukungu. Daktari alinipima damu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mzee, kwa siku unakaa kitako saa ngapi?" Nikahesabu. Saa kumi garini, saa moja mezani, saa tatu mbele ya televisheni. Nikajitetea kwamba kazi yangu ni ngumu na kila siku narudi nimechoka. Akanijibu, "Kuchoka si kutembea, Mzee." Ndipo akanihadithia habari ya mabasi ya London, nami nikaona kana kwamba ananisimulia habari yangu na Ami.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa uchukuzi wa London wapatao 31,000, wanaume wa umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi ya mji ule yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa karibu zamu yake yote. Kondakta naye alipanda na kushuka ngazi akidai nauli, vidato 500 hadi 750 kila siku. Watu hawa walikuwa wa hali moja ya maisha, wa mji mmoja, na wa basi moja. Hata hivyo maradhi ya mishipa ya moyo yaliwapata zaidi madereva. Makondakta waliougua waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi, na vifo vya ghafla vilikuwa vichache kwao.

Watu wakasema pengine wanene ndio huchagua udereva. Morris akaenda kutazama vipimo vya suruali za kazini. Ni kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Lakini hata alipomlinganisha dereva mwembamba na kondakta mwembamba, na mnene na mnene mwenziwe, bado aliyepanda ngazi alisalimika zaidi. Morris mwenyewe aliyafuata aliyoyagundua, akafanya mazoezi maisha yake yote. Alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

MISULI

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Chakula kikiisha kusagwa tumboni, sukari yake huingia katika damu, na kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo ipokewe mwilini. Mpokeaji mkubwa ni misuli, na misuli mikubwa kupita yote ni ya mapaja na matako, ile ile tunayoikalia. Mtu akikaa siku kutwa misuli hii hulala, na kadiri miaka inavyopita huzidi kuwa mizito kuitika insulini. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi hata likashindwa. Sukari iliyozidi katika damu huharibu mishipa, nayo ndiyo njia ya kufikia moyo, figo, macho na miguu. Lakini mtu akitembea, misuli inapojikunja huivuta sukari yenyewe, hata kama insulini haisikilizwi vizuri. Na shinikizo la damu nalo hushuka.

Wala haihitaji mbio za wanariadha wetu wa Iten. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, wengi wao kwa kutembea, walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Dawa waliyopewa wengine ilipunguza kwa asilimia 31. Na mwaka 2012 huko Australia ilionekana kwamba aliyekaa saa nyingi lakini akainuka kutembea dakika mbili tu kila baada ya dakika ishirini, sukari yake baada ya kula haikupanda kama ya yule asiyeinuka.

Sisemi kwamba kiti peke yake ndicho kilichomkata Ami mguu. Ile chai niliyompelekea ilikuwa na sehemu yake, na urithi wa ukoo una sehemu yake. Tena kuna kisukari kinachowashika watoto wadogo ambacho hakina uhusiano wowote na kukaa. Na mwenye kisukari asikurupuke. Amwone daktari kwanza, avae viatu visivyombana, akague nyayo zake kila siku, na ikiwa anadunga insulini achukue kitu kitamu mfukoni, maana sukari huweza kushuka ghafla njiani.

KUSINDIKIZA

Sasa nirudi kwenye mila. Wahenga hawakusifu kiti peke yake. Walisema pia kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Na katika adabu zetu, mgeni aliyekaribishwa kiti hakuachwa aondoke peke yake. Alisindikizwa. Mwenyeji alivaa makubadhi yake wakaenda wakizungumza hadi njia panda, na mara nyingi mazungumzo matamu yalikuwa ni yale ya njiani. Siku hizi tunamsindikiza mgeni hadi mlangoni, tukamwitia bodaboda, tukarudi kuketi. Tumeshika kiti, tukaacha kusindikiza.

Mimi nimeirudia nusu ile iliyoachwa. Kila anayenitembelea namfikisha kituoni, kwenda na kurudi nusu saa kamili. Siku nisizopata mgeni najisindikiza mwenyewe. Mwanzoni majirani walinong'ona kwamba watoto wangu hawamheshimu mzee wao, mbona anahangaika juani? Mjukuu wangu naye alikuwa akikimbilia kunisogezea kiti kila nikisimama. Sasa amezoea, huja kunishika mkono tukaenda pamoja.

Kisukari hakijaondoka, na vidonge nameza bado. Lakini miguu yangu yote miwili ninayo, na kila nipitapo karibu na nyumba ya marehemu Ami nakumbuka maneno yake. Basi, msomaji, mgeni akija mpe kiti, hiyo ni adabu njema. Akiaga, inuka.