Ni Nani Anapita Mlangoni? Kuhesabu Wageni wa Tovuti ya Kikundi

Kikundi kinachouza asali sokoni huwajua wateja wake kwa macho. Lakini kikiweka picha za asali kwenye tovuti, watu hupita bila kubisha hodi. Je, ni wangapi? Wanatoka wapi? Hili si swali la mchezo, kwa sababu tovuti hulipiwa, na pesa ni za wanachama.

Sisi tulikuwa na tovuti ndogo ya kando, ya kuonyesha asali na vikapu vya vikundi. Tukaamua kujaribu programu mbili za kuhesabu wageni kabla ya kumshauri mtu yeyote.

Zinafanya kazi namna gani?

Unapewa mistari michache ya maandishi ya kompyuta, unaibandika ndani ya tovuti. Mgeni akifungua, mistari hiyo hupeleka habari: ni ukurasa gani, saa ngapi, ni kwa simu ama kompyuta, na mara nyingi mgeni ametokea wapi.

Ya kwanza ni Google Analytics, iliyotolewa mwaka 2005. Mradi mdogo haulipi kitu. Lakini habari hukaa kwa kampuni, na kampuni ndiyo hupanga masharti. Tarehe 1 Julai 2023 toleo la zamani liliacha kupokea hesabu mpya, watu wakalazimika kuhamia lile liitwalo GA4. Sisi tuliona lina majedwali mengi kuliko haja yetu.

Ya pili ni Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik. Ukiiweka kwenye seva yako, programu ni ya bure na habari zinabaki kwako. Lakini seva hulipiwa, tena lazima awepo mtu wa kuitunza. Kama hamna huyo mtu, itawashinda.

Makosa yetu

Wiki ya kwanza hesabu ilipanda, tukashangilia. Tulikuwa karibu kuambia vikundi kwamba soko limepatikana. Kumbe wageni wengi walikuwa ni sisi wenyewe, tukifungua kila asubuhi kuangalia kama kuna mgeni! Programu zote mbili zina mahali pa kuagiza kompyuta za ofisi zisihesabiwe. Fanyeni hivyo siku ya kwanza.

Tena, mtu mmoja akitumia simu halafu kompyuta, anaweza kuhesabiwa mara mbili. Wengine huzuia programu hizi, wasihesabiwe kabisa. Kwa hivyo hii hesabu ni makadirio, si kama daftari la benki.

Kilichotusaidia ni daftari la kawaida kando ya simu. Kila mteja tulimuuliza, "Umetupata wapi?" Tukalinganisha na programu. Ukurasa wa vikapu ulifunguliwa sana, lakini hakuna aliyepiga simu. Kuangalia vizuri, hatukuwa tumeandika bei! Tulipoiandika, simu mbili tatu zikaingia.

Mkumbuke pia Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019. Mgeni aelezwe ni habari gani zake zinachukuliwa, na kwa nini. Msichukue zaidi ya mnazohitaji.

Ya kujadili kikundini

1. Tunataka kujua jambo gani hasa kuhusu wateja wetu?
2. Nani atasoma hesabu kila mwezi na kuwaeleza wanachama?
3. Tukiona wageni wengi bila mauzo, tutabadilisha nini?