Kibodi Chafu Inaweza Kukuongezea Sifuri: Jinsi ya Kusafisha Laptopu Yako Nyumbani

Chukua mfano huu. Unamlipa muuzaji wa jumla kupitia laptopu na deni ni shilingi 5,000. Kitufe cha sifuri kinanata kwa sababu ya soda iliyomwagikia hapo wiki mbili zilizopita. Wewe unakibonyeza mara tatu, chenyewe kinaandika mara nne. Macho yako yako kwa mteja aliye mlangoni, unabonyeza "Tuma", na shilingi 50,000 zimeenda. Ama inakuwa kinyume: sifuri moja imekataa kuingia, umetuma 500, na sasa muuzaji anakupigia simu akiuliza kama unamfanyia mzaha.

Tukiongea kuhusu usalama wa pesa huwa tunarudi kwa mambo yale yale: PIN, matapeli wa simu, jumbe za uongo. Ni sawa, hayo ni muhimu. Lakini wateja wetu wengi siku hizi hawatumii simu pekee. Kuna wanaouza nguo mtandaoni, kuna wenye cyber, kuna mweka hazina wa chama anayeandika michango ya watu thelathini kila mwisho wa mwezi, kuna anayejaza fomu za ushuru kwa iTax usiku wa tarehe ya mwisho. Hawa wote wanategemea kibodi. Na kibodi ya laptopu (mwalimu wa Kiswahili angetaka tuseme kipakatalishi, pole mwalimu) ndicho kifaa kinachokula makombo ya mandazi kuliko kingine chochote nyumbani.

Habari njema ni kwamba unaweza kuisafisha mwenyewe, kwa vitu vya bei nafuu, kama dakika ishirini hivi. Habari mbaya ni kwamba laptopu inaweza kuharibiwa na usafi wenyewe ukifanywa vibaya. Kwa hivyo twende pole pole.

Zima kabisa, usifunge kifuniko tu

Kufunga laptopu si kuizima. Mara nyingi inalala tu, na stima bado inapita ndani. Nenda kwenye menyu uchague kuzima, ngoja taa zote zizimike, kisha chomoa chaja. Kama ni laptopu ya zamani yenye betri inayotoka kwa nyuma, itoe. Mpya nyingi zimefichiwa betri ndani. Hizo usizifungue, zima tu na uchomoe. Chomoa pia flashi, mausi na kila kitu kilichochomekwa.

Kumbuka MacBook nyingi za kuanzia mwaka 2016 hujiwasha ukifungua kifuniko au ukigusa kitufe chochote. Ikijiwasha ukiwa katikati ya kazi, usiendelee kupangusa huku inawaka. Izime tena.

Anza na vitu vikavu

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo watu huruka. Wanakimbilia kitambaa chenye maji, wanageuza vumbi kuwa matope, na matope yanaingia chini ya vitufe.

Geuza laptopu iangalie chini, uishike vizuri kwa mikono miwili, kisha ugonge mgongo wake taratibu kwa vidole. Usiitikise kama chupa ya dawa. Makombo makubwa yataanguka yenyewe. Halafu chukua brashi laini. Brashi mpya ya rangi, ile ndogo ya inchi moja kutoka hardware, inafanya kazi vizuri sana. Mswaki laini ambao haujatumika pia unafaa. Piga brashi kuelekea upande mmja tu, kwa mfano kutoka kushoto kwenda kulia, ndio uchafu utoke nje badala ya kuzunguka mle mle.

Kwa vile vijia vyembamba kati ya vitufe, kata kipande cha selotepu, ukikunje upande wa gundi uwe nje, upitishe katikati kama unavyopitisha uzi kwenye meno. Utashangaa kitakachotoka. Kijiti cha meno cha mbao kinaweza kusaidia mahali ambapo uchafu umekauka, ila usitumie pini wala sindano. Chuma kinakwaruza na kinaweza kugusa pasipofaa.

Ukiwa na lile kopo la hewa ya kupuliza linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, lishike likiwa limesimama wima. Ukiligeuza kichwa chini linatoa kimiminika baridi sana badala ya hewa, na hicho ni unyevu unaoweza kuharibu. Puliza kwa vipindi vifupi. Kwa MacBook, Apple yenyewe inashauri uinamishe kompyuta kama nyuzi 75, karibu isimame wima, upulize kibodi kutoka kushoto kwenda kulia, kisha uigeuze ubavu mmoja na mwingine urudie. Ushauri huu una maana zaidi kwa zile MacBook za kati ya 2015 na 2019 zenye vitufe vyembamba sana, ambazo zilipata sifa mbaya kwa sababu hata chembe ndogo ya vumbi ingeweza kukwamisha kitufe.

Je, kupuliza kwa mdomo? Hapana. Pumzi ina mate. Vacuum ya nyumba? Pia hapana: inaweza kunyonya kitufe kilicholegea, na bomba lake la plastiki huzalisha umeme tuli ambao sakiti ndogo haziupendi. Drayer ya nywele tusiiongelee hata. Joto lake linakunja plastiki.

Sasa ndio unyevu, na kidogo tu

Mafuta ya vidole hayatoki kwa brashi. Hapa unahitaji kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kama kile cha kufutia miwani, na alkoholi. Tafuta chupa iliyoandikwa Isopropyl Alcohol 70% au zaidi. Inapatikana kwa maduka ya dawa na kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki. Ukiwa Nairobi, ukitembea Luthuli Avenue na ukiuliza maduka mawili matatu huwezi kuikosa. Sababu ya kuipenda alkoholi ni moja: hukauka haraka kabla haijapata nafasi ya kushuka ndani.

Soma lebo kabla ya kununua kwa sababu spiriti zote si sawa. Nyingine zina rangi, nyingine zimewekwa mafuta kwa ajili ya ngozi, na hayo mafuta yatabaki kwenye vitufe na kuvuta vumbi upya. Sanitaiza ya mikono ya jeli ina shida hiyo hiyo. Wipes za mtoto nazo zina losheni na maji mengi. Jik weka mbali kabisa.

Mimina alkoholi kwenye kitambaa, kamwe usimimine kwenye kibodi. Kitambaa kiwe kimelowa kidogo tu. Ukikikamua na tone likaanguka, bado kimelowa sana. Pangusa juu ya vitufe kwa safu, bila kukandamiza. Kwa pembeni ya vitufe tumia kijiti chenye pamba. Usisugue herufi kwa nguvu, hasa kwenye laptopu za bei ya chini ambazo herufi zake zimechapishwa juu juu tu, la sivyo utabaki na kibodi safi isiyo na A wala E. Na kwa sababu alkoholi hushika moto, fanya kazi hii mbali na jiko na mshumaa, dirisha likiwa wazi. Skrini usiiguse na alkoholi kabla ya kuangalia maagizo ya kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu baadhi ya skrini zimepakwa tabaka linaloweza kuchubuka.

Kung'oa vitufe ndiko watu wanapenda kuona kwenye video. Kwa kibodi kubwa ya mezani, sawa. Kwa laptopu, acha kama huna sababu kubwa. Chini ya kila kitufe kuna fremu ndogo ya plastiki kama mkasi, nyembamba kama ukucha, na ikivunjika kitufe hakishiki tena. Ile ya kuachia nafasi, Enter na Shift zina pia waya wa chuma wa kuzisawazisha, na kuzirudisha ni kazi ya fundi mwenye subira. Ukilazimika, piga picha ya kibodi nzima kwanza.

Ukimaliza, ngoja dakika kumi au zaidi kabla ya kuwasha.

Chai ikimwagika

Hili halingoji siku ya usafi. Zima stima kwenye swichi ya ukutani kabla ya kushika chaja iliyolowa, chomoa, kisha shikilia kitufe cha kuwasha mpaka laptopu izimike kwa nguvu. Usihifadhi kazi kwanza. Najua inauma, lakini hesabu uliyokuwa unaandika ni rahisi kuirudia kuliko kununua mashine. Fungua kifuniko upana unaoweza, ulaze laptopu kichwa chini juu ya taulo ikiwa imesimama kama hema, ndio maji yarudi yalikotoka.

Iache hivyo angalau siku nzima, mbili ni bora. Usiichaji "kuangalia tu kama iko sawa". Usiianike juani, betri haipendi joto. Na ile hadithi ya kuizika kwenye mchele tuiache jikoni: mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya mashine, na unaacha unga na vipande vidogo kwenye matundu. Apple inawaambia wenye iPhone zilizolowa waziwazi wasifanye hivyo.

Tofauti kubwa iko kwa kile kilichomwagika. Maji safi machache yanaweza kukauka na mambo yakaendelea. Chai ya maziwa yenye sukari ni kesi nyingine. Maji yakikauka, sukari na maziwa vinabaki, vitufe vinanata, na taratibu chuma cha ndani kinaanza kuliwa na kutu. Ndio maana laptopu inaweza kuwaka vizuri leo na kufa baada ya wiki tatu. Kwa chai, soda, juisi au pombe, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha ndani hata kama imewaka. Laptopu nyingine, kwa mfano ThinkPad nyingi, zina vijia vya kupitisha maji chini ya kibodi. Vinasaidia, ila havimaanishi unaweza kunywa juu yake bila wasiwasi.

Jaribu kabla ya kugusa pesa

Ukishaiwasha, usikimbilie kulipa. Fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, ubonyeze kila kitufe mara moja, hasa namba zote kuanzia 0 hadi 9, zile za juu na zile za pembeni kama zipo. Angalia kama kuna inayojirudia ama inayokataa. Sababu ya kufanya hivi kwenye ukurasa wa kawaida ni kwamba kwenye nafasi ya nywila unaona nukta tu. Hutajua kama umekosea wewe ama kibodi, na ukijaribu mara kadhaa akaunti inaweza kufungwa.

Kama kuna kitufe kinachosumbua, usilipe chochote nacho. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na herufi O kwa pamoja. Kibodi itatokea kwenye skrini na utabonyeza kwa mausi. Ama chomeka kibodi ya nje ya USB mpaka upate fundi. Na kila mara, kibodi iwe mpya ama ya zamani, soma jina la anayepokea na kiasi chote kabla ya kuthibitisha. Hesabu sifuri.

Simu ya vitufe nayo

Wenye kabambe, hasa mawakala, hii ni yenu. Ukibonyeza PIN ile ile mara mia kwa siku, namba zake nne huanza kufutika wakati zingine bado zinang'aa. Mtu akiiona simu hiyo anajua namba zako, amebakiza mpangilio tu. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Mtu akijua ni namba zipi nne tofauti, inabaki 24. Kwa simu ya kugusa, alama za mafuta kwenye kioo hufanya kazi hiyo hiyo ya kusengenya. Kwa hivyo panguse kioo na vitufe mara kwa mara, na kama namba zimeshafutika, badilisha PIN leo.

Ukiamua kumpelekea fundi

Kubadilisha kibodi ni kazi ya kawaida kwa fundi. Kabla ya kumwachia laptopu, toka kwenye akaunti zako zote za pesa na barua pepe, na futa nywila ambazo kivinjari kimekuhifadhia. Fundi hahitaji nywila ya akaunti yako ya malipo ili kubadilisha kibodi. Akiiomba, beba laptopu yako uende kwingine.

Muulize bei pamoja na kazi, na muulize kibodi anayoweka ni ya mpangilio gani. Laptopu nyingi za mtumba hapa kwetu ni ex-UK, na kwa mpangilio wa Uingereza Shift na 2 hutoa alama ya kunukuu, wakati kwa mpangilio wa Marekani hutoa @. Alama ya # nayo huhama: ya Uingereza iko karibu na Enter, ya Marekani iko juu ya 3. Kama nywila yako ina moja ya hizo na imekataa siku ulipotoka kwa fundi, angalia hapo kwanza kabla ya kutupigia simu.