Mbwa Mkubwa Nyumbani: Wajibu wa Mfugaji kwa Mnyama na kwa Jirani

Baadhi ya wakazi wa Kata ya Usagara hufuga mbwa wakubwa wa jamii ya German Shepherd na Rottweiler, au machotara wao, kwa ajili ya ulinzi. Kufuga mbwa ni haki ya mkazi. Hata hivyo, ulinzi wa nyumba moja haupaswi kuwa hofu ya nyumba ya pili, hasa kwa watoto wanaotembea alfajiri kwenda shule na madrasa.

Dume la German Shepherd lililokomaa hufikia kilo 30 hadi 40. Mbwa hawa walizalishwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kazi ya kuchunga kondoo. Mwili na akili yao vinadai shughuli. Akifungwa mnyororo kutwa, nguvu zake hazipotei, bali hugeuka kuwa kubweka usiku kucha, kuchimba na kuruka uzio. Wapo wanaoamini kuwa kumfunga humfanya hodari wa ulinzi. Ukweli ni kwamba humfanya awe na hofu na watu, na mbwa mwenye hofu huuma bila kuchagua mwizi, mgeni wala mtoto wa nyumbani.

Mbwa aliyekomaa anahitaji walau saa moja ya matembezi kila siku. Kwa joto la Tanga, mtoe asubuhi mapema na jioni lami ikishapoa. Mwenye umri chini ya mwaka mmoja asikimbizwe mwendo mrefu, kwani mifupa yake bado inakua. Awapo njiani, ashikwe kwa kamba fupi na mtu mzima mwenye nguvu za kumzuia. Tukumbuke pia kuwa jirani zetu wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Nguo iliyoguswa hulazimu kutwaharishwa kabla ya kuswali. Kumwepusha mbwa na njia ya msikitini nyakati za swala ni sehemu ya ujirani mwema.

Kuhusu mafunzo, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Anza mbwa akiwa mdogo. Mzoeshe watu, watoto, pikipiki na sauti za mtaani. Tumia amri fupi, kama vile "kaa", "njoo" na "acha", na familia nzima itumie maneno hayo hayo. Dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, zinatosha. Anapotii, mpongeze au mpe kipande kidogo cha chakula. Kipigo hakimfundishi, humwongezea woga. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na mbwa ni miongoni mwao.

Wajibu usioweza kuahirishwa ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa kawaida mtoto wa mbwa huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Tunza kadi yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, kupona ni jambo la nadra mno. Lakini hatua zikichukuliwa mapema, ugonjwa huzuilika.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, oshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Asipakwe mafuta ya taa, majivu wala dawa ya mitishamba. Mbwa asiuawe kwa hasira. Ikiwezekana kwa usalama, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, na taarifa itolewe kwa Afisa Mifugo na kwa Mwenyekiti wa Mtaa.

Anayetaka kufuga na ajiulize kwanza: je, nina uzio imara, muda wa kila siku, na fedha za chakula na chanjo? Ikiwa jibu ni hapana, taa ya nje na kufuli madhubuti vitamlinda vizuri zaidi kuliko mbwa asiye na mtu wa kumlea. Kwa ushauri zaidi, onana na Afisa Mifugo wa kata yako.