Kanga Mbili na Kipimo cha Damu

Katika hatari zote zimfikazo mwanamke wakati wa uzazi, ni chache zilizo na haraka kama kutokwa na damu baada ya mtoto kuzaliwa. Nayo huja aghalabu katika saa ile ile ambayo jamaa wamekwisha kupiga vigelegele, na macho ya wote yameelekea kwa mtoto.

Mimba inapotimia, damu ipitayo katika mji wa mimba kwa kila dakika hufika nusu lita au huzidi, kwa kuwa ndiyo imlishayo mtoto kwa njia ya kondo la nyuma. Kondo linapobanduka huacha mishipa mingi iliyo wazi, wala kuganda kwa damu peke yake hakutoshi kuiziba. Huibana kwanza misuli ya mji wa mimba wenyewe, ambayo nyuzi zake zimepishana huku na huku, hata inapojikaza mishipa iliyomo baina yake hufungika kama mdomo wa gunia lililokazwa kamba. Ndiyo maana mkunga huuchua kwa mkono, juu ya tumbo, mji wa mimba uliolegea mpaka uwe mgumu, na ndiyo maana mtoto kunyonya mapema kuna faida kwa mama pia, kwani kunyonya huiamsha oksitosini, homoni iikazayo misuli hiyo. Vincent du Vigneaud wa Marekani aliiunda kwa kemia mwaka 1953, na hata leo sindano yake ndiyo ya kwanza kutumiwa.

Walakini dawa haina budi kungoja mtu atambue kwamba hatari imeingia, na hapo ndipo penye mushkili. Mpaka uliozoeleka ni mililita 500. Lakini damu iliyoenea shukani na kuchanganyika na maji ya uzazi huonekana kidogo kuliko ilivyo, na kadiri inavyozidi kumwagika ndivyo jicho linavyozidi kuipunguza, liwe la mwanafunzi au la daktari bingwa.

Mwaka 2005 daktari Godfrey Mbaruku na wenzake walitoa taarifa ya kazi waliyoifanya Kigoma pamoja na wakunga wa jadi, nayo kwa maoni yangu ni katika fikra bora kabisa zilizopata kutokea kwetu katika ilimu ya uzazi. Walitambua kwamba kipimo kimo nyumbani tayari: kanga, vazi lenye ukubwa ule ule dukani na kijijini, ambalo mbili zikilowa damu chepechepe yakini mililita 500 zimepita. Doti moja, basi! Mkunga asiyejua kusoma tarakimu aliweza kukata shauri bila ya kubahatisha: ya pili ikilowa, ampe mama vidonge vya misoprostoli, dawa ya kuukaza mji wa mimba, ambavyo havihitaji friji.

Hospitalini fikra hiyo hiyo imevaa plastiki. Katika utafiti uitwao E-MOTIVE, uliotangazwa mwaka 2023 baada ya kuwahusisha wanawake zaidi ya 200,000 katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, mzazi aliwekewa chini yake shuka yenye mfuko uliochorwa alama za kipimo, na damu ilipofika kiasi cha hatari tiba zote zilitolewa kwa pamoja, pasipo kungoja moja ishindwe ndipo ije nyingine. Waliopatwa na madhara makubwa ya kutokwa na damu walikuwa 1.6 kwa kila 100, ilhali katika hospitali zilizofuata desturi ya zamani walikuwa 4.3. Katika tiba hizo hapakuwa na hata moja mpya.

Lililobaki ni joto. Oksitosini yataka kuhifadhiwa baina ya digrii 2 na 8, na ile iliyoharibika haimwonyeshi mkunga dalili yoyote ndani ya kichupa. Karbetosini istahimiliyo joto, dawa nyingine ya kuukaza mji wa mimba, iliyojaribiwa katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, ilionekana mwaka 2018 kutopitwa na oksitosini katika kuzuia utokaji wa damu; na kwa zahanati ambayo umeme wake hukatika kila jioni, naona hiyo yafaa kutangulia kabla ya kununuliwa friji jingine.