Je, Wajua? Kikaango Kilichoota Kutu Bado Kinapikika

Je, wajua kwamba ule weusi unaong'aa kwenye kikaango cha chuma si masizi, na wala si mafuta tena? Ulianza kama mafuta. Yalipopashwa juu ya chuma kwa joto kali na kukutana na oksijeni ya hewani, chembe zake ziliungana zenyewe kwa zenyewe zikawa utando mgumu ulioshikamana na chuma. Utando huo hauyeyuki kwa maji wala haulainiki kwa joto la kupikia, na ndio unaozuia yai lisigande na kutu isiingie. Rangi za mafuta za wachoraji hukauka kwa njia hiyo hiyo, ila picha huachwa siku nyingi, na kikaango humalizika ndani ya saa moja.

Ndiyo maana si kila mafuta yanafaa kwa kazi hii. Mafuta ya nazi, pamoja na utamu wake wote, karibu asilimia 90 ni ya aina isiyoungana hivyo. Ukiyapaka utabaki na ulaini wa siku mbili tu. Ya alizeti, soya au mahindi huungana vizuri. Wapo wanaosifu mafuta ya kitani kwa sababu hukauka upesi na utando wake ni mgumu sana, lakini mara nyingi hubanduka magamba baada ya muda. Mimi nashauri alizeti: yanapatikana kila duka na kazi yanaiweza.

Je, wajua kwamba sabuni ya maji haiharibu utando huo? Katazo la sabuni lilikuwa na maana zamani, sabuni za nyumbani zilipokuwa na kostiki soda iliyobaki bila kuungana na mafuta. Kostiki ndiyo inayouvunja utando. Sabuni ya vyombo ya leo haina hiyo, kwa hiyo osha kikaango chako bila hofu. Kinachodhuru ni kukiloweka usiku kucha, au kukipikia mchuzi wa nyanya au ukwaju kwa saa nyingi, maana asidi hula utando na chakula huanza kuwa na ladha ya chuma.

Sasa tuje kwenye kutu, kwani hapa ndipo vyombo vingi vizuri vinapopotea. Inauma kuona chuma cha vitumbua kilicho kizima kimerushwa kwenye lundo la wauza vyuma chakavu kwa sababu tu vishimo vyake vimegeuka rangi ya udongo. Kutu hukaa juu. Chini yake chuma kipo.

Anza na sumaku. Isiponasa, chombo hicho ni cha aluminiamu, na mengi ya yanayofuata hayakihusu. Kostiki soda huila aluminiamu ikatoa gesi inayowaka. Ikinasa, angalia kuna nini juu yake: kutu, au matabaka ya mafuta yaliyoungua miaka na miaka? Ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Kostiki soda huondoa matabaka meusi bila kukigusa chuma, ila haiondoi kutu. Kipimo kilichozoeleka ni karibu nusu kilo kwa lita 20 za maji, kwenye ndoo ya plastiki, na soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Vaa glavu ndefu na miwani, na ndoo iwe mbali kabisa na watoto, maana ikimpata mtu machoni inaweza kumpofusha. Kutu nyepesi nayo huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, chombo kikilowa nusu saa tu kabla ya kusuguliwa. Ukikisahau humo, siki ikimaliza kutu itaanza kula chuma chenyewe.

Kwa kutu iliyokomaa, mafundi hutumia umeme. Chombo hutumbukizwa kwenye maji yenye soda ash (bidhaa hiyo hiyo inayozalishwa Ziwa Magadi nchini Kenya), waya wa hasi wa chaja ya betri ya gari ukafungwa kwenye chombo, na wa chanya kwenye kipande cha chuma chakavu. Kutu hulegea na kuondoka bila chuma kukwanguliwa. Kipande hicho kisiwe cha stenlesi, kwa sababu kromiamu iliyomo hugeuka sumu ndani ya maji. Kazi hii hufanywa nje, maana inatoa haidrojeni, na chaja huzimwa kabla ya mkono kuingia majini.

Chuma kikishatoka humo kina rangi ya kijivu, na hapo hakina kinga yoyote. Ukikisuuza ukakiacha juani kikauke chenyewe, dakika chache tu utaona wekundu unarudi kando ya vishimo. Kifute, kiweke motoni papo hapo mpaka kikauke kabisa, kisha upake mafuta kikiwa na uvuguvugu. Halafu futa. Chukua kitambaa kikavu ufute tena, mpaka chuma kionekane kama hakijapakwa kitu, kwa sababu mafuta yakiwa mengi hugeuka gundi inayonata. Kwa chuma cha vitumbua, pitisha kidole chini kabisa ya kila kishimo, maana mafuta hujikusanya pale. Mwenye oveni akipindue ndani yake kwa nyuzi 230 kwa saa moja, na kukiacha kipoe humo humo. Mwenye jiko la mkaa apashe polepole, akikizungusha, mpaka moshi ukome. Rudia mara tatu au nne. Vitumbua vya kwanza huenda vikashika kidogo, kwani mchele wa kusaga na sukari ni mtihani mgumu. Kaanga vitu vyenye mafuta kwanza.

Je, wajua kwamba Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza yalianzia kwenye sufuria? Mwaka 1707 Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwenye kalibu za mchanga, vikawa vyembamba na rahisi zaidi. Miaka 2 baadaye, kule Coalbrookdale, alifaulu kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya koki badala ya mkaa wa miti. Wachina, hata hivyo, walikuwa wakisubu chuma zaidi ya miaka 2,000 kabla yake.

Na namba iliyo kwenye vikaango vya zamani vya Marekani, kama vile vya Griswold wa Erie, Pennsylvania, haihesabu inchi. Namba 8 inahusu tundu la jiko la kuni ambalo kikaango kilitengenezwa kilikae. Chenyewe kina upana wa karibu sentimita 27.

Je, wajua kwamba chuma hupitisha joto vibaya? Aluminiamu hulipitisha mara 4 au zaidi. Hata kwa uzito sawa, aluminiamu hubeba joto mara 2 ya chuma. Sifa ya kikaango cha chuma inatokana na unene na uzito wake: kikishapata moto, nyama baridi haikipoozi. Basi kipashe taratibu, dakika kadhaa, kabla ya kutia chochote.

Chuma kidogo huingia kwenye chakula pia. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 uliwalinganisha watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma na waliopikiwa kwenye vya aluminiamu, na wale wa vyungu vya chuma waliongeza damu zaidi.

Yapo mawili yasiyotibika. La kwanza ni ufa: gonga chombo kwa kijiti, kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa mlio mfu, na mara nyingi ufa ulitokana na maji baridi yaliyomwagwa kikiwa cha moto. La pili ni risasi. Baadhi ya vikaango vya zamani vilitumika kuyeyushia madini hayo, kwa ajili ya timazi za nyavu au risasi za bunduki, na kusugua hakutoshi. Ukinunua cha mkononi usichojua historia yake, kipime kwa vipimo vya risasi kabla hujakisugua, maana vumbi lake nalo ni sumu. Ikionekana, kisirudi jikoni.